Mbio zilizokatwa na ngurumo

Jumamosi, tarehe kumi mwezi wa tano. Jua lilichoma mpaka saa saba, halafu mawingu yakaja meusi, kama kawaida yetu.

Nimekasirika, na ninaandika ili nijue kama nina haki.

Wiki tatu nimehangaika na kile kibao cha saketi. Mimi niliishia darasa la nane, nikieleza vibaya nisamehewe. Chipu yake, wanayoiita FPGA, inatoka kiwandani haijui kazi yoyote. Unaipa mpango kwenye kadi ya memori, nayo inajipanga ndani iwe mashine unayotaka. Mimi nilitaka ile mashine ya gemu ya kuchomeka kwa TV, tuliyochezea tukiwa wadogo hapa hapa Amalemba. Mara ya kwanza TV ilinionyesha giza tu. Mara ya pili picha ikaja bila sauti. Alhamisi ndiyo nikagundua nimeweka mpango wa kibao kingine. Kosa langu, si la aliyeniuzia, ingawa nilikuwa nimeshamfokea kwa simu.

Haraka yote ilikuwa ya kaka yangu. Likizo yake imeisha, kesho alfajiri anarudi kazini Mombasa. Tangu utoto sijawahi kumshinda mbio za magari za gemu hiyo hata mara moja, na hunitaniaga mpaka mbele ya watoto wangu. Leo nilitaka nimshinde, basi.

Saa tisa tukaanza. "Shika vizuri, mdogo wangu, usije ukalia," akasema. Mzunguko wa kwanza akaniacha. Wa pili nikamfikia. Wa mwisho nilikuwa mbele, mstari ninauona, ngurumo ikalia kule mbali, na mama akatoka jikoni akang'oa waya ukutani.

"Mama! Si ungengoja kidogo tu!"

"Radi inangojanga nani?"

"Iko mbali hiyo!"

"Hata ile iliyochoma TV ya jirani ilianzia mbali."

Ni kweli, na mimi mwenyewe nilisaidia kuibeba kwenda kutupwa. Kwa mama, ngurumo ikisikika, kila waya unang'olewa, kioo kinafunikwa kwa leso, na hakuna kuuliza. Lakini kaka! Alikuwa amekaa anacheka.

"Mbio hazikuisha. Hakuna mshindi."

"Nilikuwa mbele, na unajua!"

"Mbele ya nani? TV imezima, mimi sioni mtu."

Labda alipunguza mwendo makusudi, anionee huruma. Nimejiuliza sana. Lakini nilimwona kidole: alikuwa amefinya kile kitufe cha kuongeza mwendo mpaka ukucha ukawa mweupe.

Radi haikupiga karibu. Mvua ikanyesha mpaka giza likaingia, na stima nayo ikapotea, kwa hivyo hakukuwa na kurudia.

Jioni tulikula obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda na ingokho, kuku aliyechinjwa kwa sababu ya kaka. Imondo, ile firigisi, ni ya mwanamume mkubwa wa nyumba, na kwa vile baba hayuko tena, mama akamwekea yeye. Kaka akaikata katikati, akanisukumia nusu. Nusu! Niliila, lakini nilikuwa mbele.