Korongo wa Gikondo na Cherehani ya Mke Wangu

Mimi ni mtu wa barazani. Kahama nzima inajua kwamba safari yangu ndefu ni kutoka kitini hadi msalani, na hata hiyo huanza kwa kuahirishwa. Ndiyo maana katikati ya mwaka 1990, nilipopanda roli la shemeji yangu Hamisi kwenda Kigali, majirani walitoka nje kushuhudia.

Sababu ilikuwa cherehani. Mke wangu, Tatu, alikuwa na sare za wanafunzi za kushona kabla shule hazijafunguliwa, na kile kichuma kidogo kinachoshika bobini kilikuwa kimevunjika. Kahama hakipo, Mwanza hakipo. Hamisi aliwahi kutumwa Kigali akarudi na kipande cha baiskeli.

"Utakwenda wewe," Tatu akasema. "Na hiyo darubini yako ya ndege ibebe, angalau nayo itembee."

Darubini nilikuwa nayo, na kitabu cha ndege pia. Nilichokosa ni ndege. Wengi nilikuwa nimewaona kitabuni, waliobaki juu ya paa la choo.

Tulilala Rusumo, mpakani. Asubuhi, ng'ambo ya daraja, Hamisi akahamia upande wa kulia wa barabara, maana Rwanda ndivyo wanavyoendesha. Mimi sikuambiwa. Roli la kwanza lililotujia nililipokea kwa kutamka shahada.

"Fungua macho, shemeji," Hamisi akasema. "Limeshapita. Limepita zamani."

Kigali tuliingia jioni, tukaegesha roli na tela lake la chumvi kwenye yadi ya forodha, Gikondo.

Saa mbili asubuhi Hamisi alinipa amri. "Saa nane mchana natoka na tela tupu, tajiri hataki nilale siku ya pili. Nenda dukani kwanza. Ndege baadaye."

Lilikuwa agizo zuri. Tatizo, duka la vipuri vya cherehani lilikuwa mjini, juu ya kilima, na chini ya yadi palikuwa na bonde la mafunjo. Nami sijawahi kuona kupanda kilima ni jambo la kuharakishia. Nikasema nichungulie kidogo tu.

Akatokea korongo mwenye taji, mwenyewe hasa, shavu jeupe na kichwani nywele za dhahabu, akiokota panzi. Nikalala kifudifudi. Akiinua kichwa, mimi nainamisha changu. Akisogea, natambaa. La ajabu ni kwamba hakuniogopa, bali alizidi kunikaribia, hata nikaamini nina kipaji kilichokuwa kikiozea barazani. Nilipokumbuka duka, viwiko vilikuwa vimevimba na jua liko utosini.

Saa sita na nusu nilifika dukani nikihema. Limefungwa. Kwenye kibaraza cha jirani alikaa fundi viatu.

"Patron wa duka ameenda kula," akaniambia. "Hapa saa sita maduka yote inafunga, mpaka saa nane."

Saa nane, yaani wakati tela linaondoka. Uso wangu nadhani ulibadilika, kwa sababu fundi aliweka kiatu chini.

"Mufuate kwake, Gikondo. Ushuke kwa bonde, uulize nyumba ya musambi."

"Musambi ndiyo nini?"

"Ile ndege ya taji kwa kichwa. Iko ya kwake, wanaifuga."

Nilishuka kilima kile kile, kipaji changu kikipungua kwa kila hatua. Uani nilimkuta korongo wangu akila viazi vya kuchemsha nyuma ya jiko. Mwenye nyumba, Mama Goreti, alinitazama kuanzia matope ya kifuani.

"Si weye ulikuwa umelala kwa bonde tangu asubuhi?"

"Ni mimi, mama."

"Nilisema huyu muntu ni mugonjwa. Harafu nikaona anaangalia musambi yetu na mashini ya macho. Ungekuja tu hapa, kuko kiti."

Mumewe, Bwana Tarsisi, ndiye mwenye duka, alicheka mpaka akaweka kijiko mezani. Kisha akanipa habari: dukani kichuma kile kimekwisha, vingine viko njiani kutoka Mombasa. "Kaa kwanza, kula."

Nikala maharage na ndizi huku nikiwaeleza habari za Tatu, cherehani iliyosimama, na wazazi waliokwisha kumkabidhi vitambaa. Mama Goreti akauliza cherehani ni ya mkono au ya miguu, na jina lililoandikwa juu yake. Nikamtajia. Akaingia chumbani. Aliporudi alikuwa na kichuma, kimefungwa kwenye kitambaa cheupe.

"Hii imetoka kwa cherehani yangu. Mimi niko na kanzu moja tu, ya ubatizo ya mutoto wa dada yangu, mwezi ujao. Watoto ya shule hawawezi kungoja. Peleka, harafu uirudishe mbele ya siku ya ubatizo."

"Mama, lakini hunijui."

"Muntu analala kwa matope asubuhi yote sababu ya ndege, hawezi kuiba kichuma."

"Anaweza kuiba musambi," Bwana Tarsisi akasema.

Saa nane kasoro nilifika yadini mbio, mbio zangu za kwanza tangu niache shule. Hamisi alikuwa amelala chini ya tela. Watu wa forodha nao walikuwa wameenda kula. Tuliondoka saa ya magharibi.

Kahama, sare ziliisha kwa wakati, watoto wakaenda shule wamenyooka. Mimi nikarudi barazani kuhadithia makorongo, nikiruka habari za viazi. Baada ya wiki chache Hamisi akapita kuaga, anakwenda tena Kigali. Nikamnyooshea kichuma, pamoja na doti ya kanga aliyoinunua Tatu. Tatu akaushika mkono wangu.

"Yule mama alimpa nani?"

"Mimi. Lakini Hamisi anaijua Gikondo kuliko mimi."

"Hamisi hakuaminiwa, na hata mimi nisingemwamini. Mtoto wa watu anabatizwa Jumapili."

Hamisi, badala ya kujitetea, akanifungulia mlango wa roli.

Nilichojifunza ni hiki: anayetaka kukaa kwake kwa raha asikubali wema wa mtu anayekaa mbali. Nilipanda. Kichuma nilikishika mkononi mpaka Kigali, maana mfuko sikuuamini, na njia nzima sikutazama ndege hata mmoja.