Ndimu Iliyobingirika Kushoto

Nzuki alikata mawe ya kujengea kwa miaka thelathini na miwili, na leo hana hata moja la kukuonyesha. Si kwamba yamepotea. Yako kwenye magorofa ya Ruiru, kwenye hosteli za wanafunzi kule Kahawa Wendani, na kwenye kanisa moja la Thika lenye waumini elfu mbili na mlango mmoja. Ila yote yamepigwa plasta na kupakwa rangi ya krimu. Kila anapopita mbele ya jengo lake humwambia mkewe, "Hii ni yangu, kutoka msingi mpaka lenta." Kaluki hutazama ile krimu kwa muda wa kutosha wa heshima, kisha husema, "Imependeza."

Ni kazi yake moja tu ambayo haikupigwa plasta: ngazi ya kwari, yaani machimbo ya mawe.

Kwari yenyewe iko karibu na mto Ndarugo, na ilifungwa maji yalipojaa chini. Kwenye ukuta wake wa magharibi kuna vipandio thelathini na kimoja, vimechongwa kwenye mwamba wenyewe, kutoka shimoni hadi juu. Nzuki alivikata mwaka wa tisini na moja, Jumapili kwa Jumapili, akianza mvua za Aprili zilipokuwa zimeigeuza njia ya udongo kuwa sabuni na mwanamke mmoja akavunjika mkono. Wakati huo wanawake ndio waliopandisha mawe hadi kwenye lori, jiwe mgongoni na kamba kwenye paji la uso. Mtu aliyebeba hivyo hainui mguu sana, kwa hiyo Nzuki alivifanya vipandio vifupi. Katikati alichonga egemeo, yaani kidaraja kidogo kama meza iliyotokeza ukutani, ili mbebaji ageuke, aliweke jiwe hapo bila kuvua kamba, apumue, aendelee. Kimo cha egemeo alikipima kwa jicho kutokana na mgongo. Wabebaji walikuwa kumi na mmoja, lakini mgongo aliopima ulikuwa mmoja, na mwaka uliofuata alimwoa mwenye mgongo huo.

Kwa zaidi ya miaka thelathini ngazi hiyo haikumsumbua mtu. Kisha akaja Gachanja.

Gachanja zamani alikuwa dalali wa ploti huko Ruiru, kwa hiyo alikuwa na uzoefu mkubwa wa kuwaonyesha watu vitu visivyokuwepo. Biashara ya ploti ilipomletea wateja wenye hasira, alifungua chaneli ya mtandaoni aliyoiita Siri za Mababu. Alirusha droni juu ya kwari, akaona ngazi, akaelewa mara moja. Wageni kutoka sayari nyingine waliteremka hapa. Ushahidi wake ulikuwa wa aina tatu. Kwanza, vipandio ni vifupi mno kwa mguu wa binadamu. Pili, katikati kuna madhabahu, tena inatazama jua linakochomoza. Tatu, na hapa alishusha sauti, mvutano wa dunia umepinda mahali hapa. Aliweka ndimu juu ya hiyo madhabahu, ambayo kwa macho ilikuwa imenyooka kabisa, na ndimu ikabingirika kushoto. Akairudisha. Ikabingirika tena kushoto.

Kisha akaingiza mababu. Wazee wa Kikuyu walisema Ngai alishuka mlimani, na kushuka, alieleza Gachanja, kunahitaji chombo. Wakamba nao walisema watu wa kwanza walishushwa kutoka mawinguni wakawekwa juu ya mwamba wa Nzaui, na nyayo zao ziko kwenye jiwe hadi leo. Mababu hawakuwa wakisimulia hadithi. Walikuwa wakitoa ripoti. Mtu angedhani Gachanja anawasifu, mpaka akumbuke kwamba katika sifa hizo zote mababu hawakukata hata kipandio kimoja. Kazi yao ilikuwa kusimama kando na kutazama wageni wakifanya kazi.

Video ilitazamwa na watu laki mbili. Ilimfikia Kaluki kupitia kikundi chake cha akina mama, pale nyumbani Kiganjo, ikiwa na ujumbe: "Mungu ni mkuu." Nzuki aliitazama yote. Kwa vipandio alipiga kelele. Kwa madhabahu alisimama. Kwa ndimu alikaa tena, na baadaye kidogo, bila kuulizwa, alisema kwamba ardhi husogea.

Hapo lazima mtu amjue Nzuki kama fundi. Jambo alilojivunia kuliko kasi wala nguvu ni usawa. "Kwa jiwe langu maji hayatembei," alikuwa akiwaambia vijana. "Unayamwaga, yanakaa, yanakuuliza yaende wapi."

Kesho yake alivaa koti akaenda kwari. Alimkuta Gachanja na wageni kama ishirini waliolipa kiingilio.

"Kijana, hii ngazi nilikata mimi."

"Guka, karibu," akasema Gachanja, ambaye hakuwa mtu wa kudharau mzee mbele ya kamera. "Ulikata na nini?"

"Tindo na nyundo. Nyundo ya kilo mbili."

"Na kina nani?"

"Peke yangu."

"Kuna picha?"

"Tisini na moja? Nani alikuwa na kamera kwa kwari?"

"Sawa. Kampuni ilikupa barua? Kontrakti?"

"Kampuni haikunituma. Nilikata bure, Jumapili."

Gachanja aliigeukia kamera taratibu. "Mmesikia, watu wangu. Vipandio thelathini na kimoja. Jumapili. Bure."

Wageni walicheka, na Nzuki akajua amekwisha. Watu hawa walikuwa tayari kukubali kwamba viumbe walivuka anga lote kuja kuchonga mwamba Ndarugo. Kwamba Mkenya alifanya kazi siku ya mapumziko bila malipo, hilo liliwashinda.

Alijaribu mara moja zaidi. "Nyanya yangu ndiye aliyenisimulia mambo ya Nzaui. Mulungu aliwaweka watu pale juu ya mwamba. Aliwaweka! Hakuwajengea ngazi."

"Labda hii ni ya kupandia wakirudi, guka."

"Wakirudi wapi? Si ndio sisi hawa, tuko hapa?"

Mwezi haukuisha kabla msaada haujafika, nao uliitwa Mitchell. Alikuwa mwanafunzi wa mambo ya kale, mkazi wa Kahawa Wendani, na katibu wa kikundi cha wadadisi kinachokutana kila Jumamosi kukataa kuamini mambo. Alikuja mpaka Kiganjo na daftari. Kaluki aliweka chai kwenye meza ya mawe iliyo nje ya jikoni, meza aliyoikata Nzuki walipohamia. Kama kawaida yake, alipoweka chupa ya chai alisukuma kipande cha katoni kilichokunjwa chini ya chupa upande wa kushoto. Mitchell, ambaye hakuwa na katoni, alidaka kikombe chake mara mbili.

"Mzee, mimi hayo maneno ya sayari siamini," alisema.

"Asante, mwanangu!"

"Lakini hata yako siwezi kuamini. Bado."

Alimfungulia daftari. Ukurasa ulikuwa na safu mbili, moja ya madai na nyingine ya ushahidi. Kando ya jina la Gachanja, chini ya ushahidi: hakuna. Kando ya jina la Nzuki: hakuna. Nzuki alikuwa amepewa haki sawa kabisa na viumbe wa angani, na haki hiyo haikumfurahisha.

"Shahidi yuko!" alisema. "Mama Mukonyo! Kuja hapa umwambie huyu msichana." Mukonyo ni kifungua mimba wao, na kwa jina hilo ndivyo walivyoitana tangu azaliwe.

Kaluki alikuja akijifuta mikono.

"Shosh," Mitchell akamuuliza, "uliona mzee akikata zile ngazi?"

Kaluki alifikiri. Alikuwa mtu wa kweli, tabia ambayo katika ndoa huwa haina likizo.

"Sikuona."

"Mama Mukonyo!"

"Nimeulizwa kama niliona. Jumapili nilikuwa kanisani. Kila Jumatatu tunakuta vipandio viwili, vitatu vimeongezeka. Na nikipanda nilikuwa nimeinama, kamba kwa paji la uso, naona miguu yangu tu. Kama ni wewe, kama ni malaika, mimi sikuona."

"Si nilikuambia ni mimi?"

"Uliniambia. Lakini wanaume watatu pale kwari waliniambia ni wao. Wewe hata hukuwa wa kwanza."

Mitchell aliandika. Nzuki alitazama kalamu ikienda. Kuna mtu hugundua uzeeni kwamba mkewe hampendi; Nzuki aligundua jambo jingine: kwamba anapendwa, amepikiwa, amezaliwa watoto wanne, na kwa miaka yote hiyo hajaaminiwa kuhusu ngazi.

"Basi twende huko," alisema. "Twendeni wote."

Walienda Jumamosi. Gachanja aliwapokea kwa furaha, kwa maana ubishi huleta watazamaji, akawasha kamera. Mitchell alipima vipandio kimoja kimoja na kutangaza kwamba mwanamke mwenye mzigo angeweza kuvipanda. "Inawezekana," alisema, na kwa wadadisi hilo ni karibu na vigelegele.

Kaluki alianza kupanda. Alikuwa na miaka sitini na mitatu na goti moja lililokuwa na maoni yake. Alipofika katikati pumzi zilimwisha, na bila kufikiri akageuza mgongo, akarudi nyuma nusu hatua, akaegemea. Mwamba ulimpokea mahali pake hasa. Hata wageni walishusha simu zao.

Mitchell aliandika: inalingana na madai, lakini haithibitishi. "Migongo ni mingi, mzee," alieleza kwa upole.

Gachanja aliona umati unamponyoka, akatoa ndimu. "Nipishe kidogo, shosh. Watu wangu, tazameni wenyewe." Akaiweka. Ndimu ikafikiri, kisha ikabingirika kushoto.

"Ehee!" wakasema wageni.

Na Kaluki akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye kipandio.

"Shosh, ni nini?" aliuliza Gachanja.

"Hiyo ni meza yangu!"

"Meza gani?"

"Meza ya jikoni! Nimewekea chupa ya chai katoni tangu Mukonyo akiwa mtoto. Kila kitu huyu mtu anakata kinalala kushoto. Meza, kizingiti cha mlango, mpaka jiwe la kaburi la mamake, marehemu ameangalia kwa jirani!" Alijipangusa macho, akamtazama mumewe kana kwamba ndiyo kwanza anatambulishwa kwake. "Baba Mukonyo. Kumbe ni wewe kweli."

Nzuki alikuwa ameyangoja maneno hayo kwa miaka thelathini na zaidi. Hakuwa ametarajia yaje na meza.

"Na hao watu wa angani," Kaluki aliongeza akimgeukia Gachanja, "wakikosa vyote, si wangekuwa na pima maji?"

Mitchell alimpa Nzuki kalamu. "Mzee, hebu shika." Nzuki aliipokea kwa mkono wa kushoto, ule aliokatia mawe maisha yake yote. "Ni kweli? Kazi yako huenda upande?"

Kila mtu alimtazama. Nzuki alikuwa na jibu tayari, na lilikuwa jibu zuri: ardhi imesogea. Hakuna ambaye angebisha. Upande huu ardhi husogea mara nyingi, angalau kwenye hati za ploti, na Gachanja mwenyewe angeweza kutoa ushuhuda. Nzuki angebaki fundi ambaye kwa jiwe lake maji hayatembei, na ngazi ingebaki kwa viumbe. Alitazama ndimu pale ilipoangukia. Alitazama ule ukuta usio na plasta.

"Pima maji ilikuwa ya msimamizi," alisema hatimaye. "Jumapili alikuwa anaifungia."

Aliinama akaiokota ile ndimu, akampa mkewe.

"Nilikata kwa jicho. Jicho langu huenda kushoto. Ni mimi."

Gachanja alizima kamera, kwa heshima, alivyosema. Jioni alipandisha kipande kinachoishia kwenye "jicho langu", akakiita Mzee Mwenye Jicho.

Lakini Mitchell alikuwa ameshika kitu. Siku hiyo hiyo alirudi nao Kiganjo, akapima meza ya jikoni kwa simu, akakuta imelala digrii mbili. Kama egemeo nalo limelala digrii mbili, aliwaambia wenzake, huo sasa ni ushahidi: mkono mmoja, kosa moja, mahali pawili. Aliazima kifaa halisi cha kupimia kutoka idarani na Jumanne akarudi kwari.

Alisikia nyundo kabla hajafika. Nzuki alikuwa amepiga magoti mbele ya egemeo, vumbi jeupe hadi kwenye nyusi, tindo mkononi na pima maji mpya ya duka la Thika kando yake. Kaluki alikuwa amekaa kwenye kipandio cha chini yake na chupa ya chai. Gachanja alisimama mbali kidogo, bila wageni, kama mtu anayetazama mlango wa duka lake ukiharibiwa.

"Mzee! Unafanya nini?"

"Nimemaliza." Alipuliza vumbi, akalaza pima maji juu ya jiwe. Kile kipovu kikasimama katikati kama askari.

"Ushahidi ulikuwa hapo! Ndio ulikuwa peke yake!"

"Hapo kulikuwa na aibu," alisema Nzuki. "Nimeitoa. Mama Mukonyo, leta ile ndimu."

Kaluki aliitoa kwenye mkoba. Nzuki akaiweka katikati. Ndimu ikakaa. Gachanja alisogea, akainama, akaisukuma kidogo kwa kidole kwa matumaini. Ilijizungusha ikasimama.

Mitchell alikaa kwenye kipandio na daftari mapajani. "Sasa mimi nitaandika nini?"

"Si wewe ulikuwa unataka mtu aliyeona?" alisema Kaluki. "Andika yuko. Anaitwa Kaluki. Amekaa hapa tangu saa tatu asubuhi, hakuwa ameinama, na ameona mzee akikata kwa mkono wake."

"Hiyo ni ya leo, shosh. Si ya tisini na moja."

"Anza na ya leo."

Kisha akainua chupa ya chai, akaiweka juu ya egemeo bila katoni, na akaondoa mkono.