Taa Juu ya Ukuta wa Makuti

Si kweli kwamba Manase Tu'akoi alitia kufuli kwenye swichi kuu ya kiwanda cha mafuta ya nazi kwa sababu ya wivu. Si kweli kwamba alimwonea gere kaka wa mkewe, wala kwamba wageni wa mkutano wa kanisa walirudi makwao bila hata chupa moja ya mafuta eti kwa kuwa fundi alikuwa amenuna. Hayo husemwa na wanaume wa kisiwa cha Vava'u wakiwa wamezunguka bakuli la kava, kinywaji chao cha mizizi, na wameanza kuyasema waziwazi baada ya mwenyewe kuzikwa, wakijua hawezi kuwajibu.

Kalolaine, mjane wake, aliyapata kutoka kwa Pelenaise, binti wa Saimone, kaka yake mwenye kiwanda. Ilikuwa adhuhuri tulivu, saa ambayo hata mbwa hulala. Kalolaine alikuwa barazani akisuka mkeka, amevaa nyeusi, na mkeka mkuukuu wa maombolezo umemzunguka kiunoni. Kutoka ghubani zilisikika pumzi za nyangumi, ndefu na za polepole, kama za mtu aliye ndotoni.

"Shangazi, usinikasirikie. Mimi nimesikia tu, nikiwamiminia kava."

"Umesikia. Ukawajibu nini?"

"Ningewajibu nini? Wakati huo si nilikuwa bado natambaa?"

"Basi keti nikwambie. Na uketi kama binti wa watu, usijikunje kama kaa."

Manase alikuwa mtu wa Ha'apai, visiwa vya mchanga vilivyolala chini ya anga kubwa kuliko vyenyewe. Alisomea umeme, akapata cheti, na cheti hicho bado kimetundikwa ukutani pembeni ya picha ya harusi. Lakini kabla ya kufungua boksi lolote, kwanza aliweka kiganja ukutani, akafumba macho, akasikiliza. Alisema mashine zinaimba. Feni ya kukaushia huimba sauti ya wanawake, mashine ya kukamulia huimba besi, na ile ya kukunia nazi hupayuka kama mwanakwaya asiyejua kusubiri. Kalolaine alikuwa akimtazama akisikiliza hivyo, uso umetulia kabisa, na mara nyingine alihisi mumewe amekwenda mahali ambapo yeye hawezi kumfuata.

Mashine zote tatu za Saimone zilining'inia kwenye waya mmoja mwembamba, uliotandikwa enzi za mbata. Ziliamshwa na swichi moja, na swichi ilikuwa upande wa kukamulia, upande wa Saimone. Upande wa pili wanawake walikuna nazi, na wakati wa likizo za shule Kalolaine, aliyekuwa mwalimu, alikuwa mmoja wao. Katikati palisimama ukuta wa makuti yaliyosukwa, kwa sababu kwa mila yao kaka na dada waliokwisha kukua hawakai chumba kimoja, wala hawaitani kwa kelele. Jambo likiwepo, hupitishwa kwa mtu mwingine. Pale kiwandani mpitishaji alikuwa mama mtu mzima aitwaye Seini, aliyechungulia pembeni ya ukuta na kutangaza, "Umeme unakuja! Ondoeni vidole kama bado mnavipenda!"

Siku ile, kesho yake wageni wa mkutano walitarajiwa kushuka melini, na Seini alikuwa ameitwa kanisani kupamba. Umeme wa mji ulikatika, kila kitu kikanyamaza, swichi ikashushwa. Kalolaine akainama kusafisha meno ya mashine ya kukunia. Umeme wa mji ukarudi. Hakuna aliyekuwapo wa kupitisha neno. Upande wa pili, swichi ikapandishwa.

Alichokumbuka ni kwamba haikuonekana kama hatari. Ilionekana kama mchezo wa ngoma. Mashine iliamka, ikashika nyuzi za kiekie chake, ule mkanda wa kusuka anaovaa mwalimu kiunoni, ikauchomoa wote kwa mara moja, nao ukazunguka kwenye meno, ukametameta, chembe nyeupe za nazi zikianguka juu yake. Mkono wake ulikuwa umebaki hewani. Akahesabu vidole.

Ndivyo Manase alivyomkuta, alipofika na chakula chake kimefungwa kwenye majani. Hakupiga kelele. Aliweka chakula chini, akazungukia nje hadi upande wa pili, akashusha swichi, akatoa kufuli kwenye mkoba wake. Wanawake wote walisikia kupitia makuti.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nafunga."

"Wageni wanashuka kesho! Mafuta hayajakamuliwa!"

"Wapake mate."

Wanawake waliziba vinywa kwa nguo.

"Huko kwenu Ha'apai umeme mmeuona lini, hata uje unifungie wangu?"

"Tumeuona juzijuzi. Ndiyo maana bado tunauogopa."

Kisha Manase akashusha sauti, akasema neno ambalo hakuna aliyelisikia. Upande wa pili kukasikika kishindo cha mtu aliyeketi chini ghafla.

Wageni wakaja, wakaimba, wakala, wakaondoka bila mafuta. Kijiji kikakasirika. Manase angeweza kusema sababu kwa sentensi moja, na kesho yake mtu mmoja asingeweza tena kunyanyua uso kanisani. Hakuisema.

"Waache waseme nimenuna," alimwambia mkewe. "Kununa hakuui."

Akafanya kazi yake. Alitandika waya mnene unaoweza kubeba mashine zote tatu kwa pamoja, akaupa kikata umeme kinacholingana na unene wake. Kila mashine akaipa kikata umeme chake, waya wake wa kwenda ardhini, na swichi yake pembeni yake yenye tundu la kufuli, ili anayesafisha afunge mwenyewe na kutembea na ufunguo. Aliweka pia vitufe vinavyojiachia umeme ukikatika. Ukirudi, mashine hailii mpaka mtu aliyesimama mbele yake aibonyeze. Aliwafundisha kuziamsha kama kwaya: mmoja atoe sauti, itulie, ndipo mwingine aingie.

Mwisho, juu ya ukuta wa makuti, akaweka taa ndogo ya kijani. Wanawake huiwasha wakiwa wamesimama mbali na meno, na upande wa pili wakiiona ndipo swichi kuu hupandishwa. Taa ni adabu tu, alisema. Wa kuaminiwa ni kufuli. Lakini kwa taa ile kaka na dada waliulizana na kujibizana miaka mingi bila kuvunja mwiko, na siku Manase alipozikwa iliwaka mchana kutwa, ingawa kiwanda kilikuwa kimefungwa.

Nyangumi akapumua ghubani.

"Shangazi. Ile swichi, siku ile, nani aliipandisha?"

"Ilipandishwa."

"Na nani? Maana upande ule alikuwa ni ba..."

"Nimekwambia ilipandishwa. Wakikuuliza kwenye kava, waambie mume wangu hakuwa na wivu na mtu. Hayo yanatosha."

"Lakini Shangazi..."

"Sisemi zaidi. Nisogezee hayo majani."