Masaa Manane ya Uongo

Mwalimu wetu wa riadha alimpa kila mmoja wetu daftari dogo na kutuagiza tuandike, kila asubuhi kabla ya mazoezi, tumelala masaa mangapi. Mimi niliandika manane. Kesho yake manane. Kwa miezi miwili na ushei sikuandika namba nyengine, na hakuna hata siku moja iliyokuwa kweli.

Nilikuwa nalala manne, mara nyengine matatu. Mbio nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma kwenye simu, kwa hiyo nilijua vizuri kwamba mwili hujitengeneza mtu akiwa amelala, kwamba msuli uliochoka hauponi kwa mazoezi zaidi. Kujua huko ndiko kulikonikosesha usingizi. Nikijilaza nilihesabu masaa yaliyobaki mpaka alfajiri, na kila nikihesabu yanapungua. Asubuhi niliona aibu kuandika kitu pungufu. Nilitaka kitu kimoja tu: kuingia timu ya kwenda bara, mita mia nane, na nafasi zilikuwa mbili.

Ili kufidia, mchana wenzangu wakilala mimi nilipanda na kushuka ngazi za maghorofa yetu ya Michenzani. Siku moja jirani wa ghorofa ya tatu alifungua mlango, kanga begani.

"We mtoto, unakimbizwa na nani?"

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Watu tumelala huku. Kama una wazimu, kautembeze pwani."

Nilimwomba radhi, nikahamia ngazi za jengo la pili.

Mwalimu aliliamini daftari langu. Anayelala vizuri huongezewa kazi, na mimi akaniongezea. Muundi wa mguu wa kushoto ukaanza kuuma, kisha ukawa hauachi. Kasi yangu ikapungua wiki hadi wiki. Ilipobaki wiki moja kabla ya majaribio ya kuchagua timu, aliniita pembeni ya uwanja, daftari mkononi.

"Hata saa ya ukutani haiendi sawasawa namna hii," alisema. "Wewe binaadamu au mashine?"

Nilikusudia kusema uongo mwengine. Nikasema, "Silali, mwalimu. Hayo yote nimeyatunga."

Aliniuliza, "Lini mara ya mwisho umelala ukashiba?"

Nilijibu bila kufikiri. "Kwa bibi yangu. Mjini, mchana."

Bibi aliishi Mji Mkongwe, juu ya maduka ya Wahindi ambayo baada ya adhuhuri yalifungwa milango, na njia nzima ikanyamaza. Sisi wajukuu tulilazwa sakafuni, na yeye akajilaza kwa ubavu mlangoni ili asitoroke mtu. Nilichukia saa ile. Nilijifanya nimelala, na katika kujifanya huko huko usingizi ulinichukua kweli. Hakuna aliyeniuliza nimelala kiasi gani. Sasa nyumba ile wanakaa watu wengine. Nikipita chini ya dirisha lake napunguza mwendo, na sijui hasa ninachokitamani, yeye au usingizi ule.

"Basi nenda kwa bibi yako ukalale," mwalimu alisema.

"Nshamzika."

"Mwenyezi Mungu amrehemu." Alilifunga daftari. "Majaribio hukimbii. Si adhabu. Ukikimbia na mguu huo wiki hii, mwaka mzima utakuwa unachechemea."

Nilimsihi. Nilimwambia nitaanza kulala leo.

"Leo, na kesho, na kesho kutwa. Usingizi si dawa ya kunywa mara moja."

Siku ya majaribio mama alichukua simu yangu, akaiweka kabatini chini ya mashuka, akaenda sokoni. Nilijilaza kwenye kochi na hasira zangu, nikiamini sitalala. Nilipofumbua macho ilikuwa inaadhiniwa alasiri.

Nikaifuata simu. Mwenzangu mmoja wa timu alikuwa ameshaniandikia matokeo. Aliyechukua nafasi ya pili alikimbia muda ambao mimi niliupata mwanzo wa msimu bila hata kujikaza. Niliusoma mara mbili, nikahakikisha sikukosea. Ningeingia. Kwa mguu mzima na usingizi wa kawaida wa mtu wa kawaida, ningeingia.

Nikarudi kwenye kochi, nikalia sana. Na nilipokuwa nalia niligundua kwamba, kwa mara ya kwanza katika miezi ile, sikuwa nimechoka.