Sauti Niliyoikata Kwenye Somo la Marehemu

Admin, huwa nasoma visa vya wenzangu na kupita kimya. Leo ni zamu yangu. Naomba ufiche jina langu na la shule, maana wazazi wa wanafunzi wangu wamo humu humu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Buswelu, nafundisha shule ya msingi upande wa Kisesa. Wafadhili walipotuletea projekta na kompyuta, nilikabidhiwa mimi, kwa sababu nilipenda kujionyesha kwamba mitambo naijua. Na sitasema uongo, ilisaidia. Darasa lina watoto themanini na kitu, wa nyuma walikuwa hawaoni ubao, ghafla kila mmoja anaona pembetatu kubwa ukutani. Hata watoro walirudi.

Aliyekuwa hataki kuisikia ni mwalimu wetu wa Hisabati, mzee aliyebakiza miaka miwili astaafu. Watoto walimwita Mzee Kanuni. Nilimbembeleza turekodi masomo yake yote ya darasa la saba ili akiondoka yabaki. Akasema, "Mwalimu, hicho kidude hakijui nani kasinzia." Nikamtania kwamba anaogopa kamera. Mwishowe alikubali kwa sharti moja, lazima aamkiwe kwanza, hawezi kuanza kipindi kama mtu asiye na adabu. Ndiyo maana kila video inaanza amesimama kimya, anasubiri, halafu anasema, "Marahaba. Kaeni."

Tulikuwa tunarekodi baada ya vipindi. Somo la mwisho lilikuwa eneo la duara. Kesho yake wageni wa kukagua mradi walikuwa wanakuja, na mimi nilitaka wakute kazi imekamilika, nipate sifa. Mzee alikuwa anatokwa jasho. Katikati ya somo akashika meza akasema, "Mwalimu, niache nikae kidogo, kichwa kinanigonga." Nikamjibu nikiwa nyuma ya kamera, "Malizia tu mzee wangu, zimebaki dakika kumi." Akaniangalia, kisha akaendelea mpaka mwisho.

Asubuhi yake alianguka nyumbani kwake. Hakufika hospitali. Walisema ni presha.

Kabla hata ya mazishi nilikaa kwenye kompyuta nikakata sauti yangu na pale aliposhika meza. Hakuna aliyenituma.

Hadi leo hatujaletewa mwalimu mwingine wa Hisabati, kwa hiyo marehemu ndiye anayefundisha. Nawasha, watoto wote wanasimama, "Shikamoo mwalimu," naye anaitika. Siku ya kwanza nilitoka nje nikaegemea ukuta. Majaribio wanafanya vizuri kuliko zamani, mwalimu mkuu anafurahi, wazazi wananishukuru njiani. Lakini mzee alikuwa na mazoea ya kusema, "Aliyekwama anyooshe mkono," halafu anangoja. Kwenye video anangoja vile vile. Mikono inanyooka, yeye anatazama mbele, anasema, "Vizuri, tuendelee." Mimi Hisabati yangu ni ya kuungaunga. Wengine naweza kuwasaidia, wengine wanashusha mikono yao taratibu.

Binti wa mwisho wa mzee yumo darasani humo, ana miaka kumi na mitatu, nitamwita Neema. Nilimwambia vipindi hivyo anaweza kukaa ofisini kwangu asome peke yake, akakataa. Anasimama na wenzake, anamwamkia baba yake, ananyoosha mkono.

Wiki iliyopita wenzake walipokwenda kunywa uji, alibaki. Akaniambia, "Mwalimu, kwenye somo la duara baba anaruka. Chaki iko mkono wa kulia, mara iko kushoto. Na anaangalia pembeni kama kuna mtu kamsemesha. Ulikuwa wewe?"

Nikamdanganya kwamba mashine ilikwama.

"Basi naomba hiyo yote, hata kama imekwama. Mama anataka kumsikia."

Mama yake naye alinipigia, kwa upole kabisa. Nilipomwamkia aliitika, akaniuliza, "Mwanangu, nasikia siku ile ya mwisho ulikuwa na mzee. Alilalamika chochote?" Nikasema hapana, mama, alikuwa mzima.

Ndugu zangu, video nzima ninayo kwenye simu. Nimejaribu kuifuta nikashindwa, nimejaribu kuipeleka kwa yule mama nikashindwa. Nikiwapa, watanisikia. Neema ana mtihani wa kumaliza la saba mwezi ujao, na anayemwashia baba yake kila siku ni mimi. Atakaaje mbele yangu? Nikifuta, nimemnyima mjane dakika za mwisho za mumewe, dakika ambazo mimi ndiye niliyezilazimisha.

Na kuna kipande kingine nilikikata ambacho sijawahi kumwambia mtu. Mzee alipomaliza somo, kabla sijazima kamera, aliweka chaki chini, akajifuta uso, akatabasamu, akasema, "Haya mwanangu, umeridhika?" Nimekirudia kile kipande mpaka nimechoka. Sijui kama alinitania au alinilaumu, na wa kumuuliza hayupo.

Mnitukane mkitaka, nimestahili, ila msiniache bila jibu. Ijumaa Neema analeta flashi. Nimwekee nini?