Kisu Kilichorudi Kifupi

Hata siku za joto kali Mwalimu alivaa mikono mirefu. Wanafunzi walidhani ni heshima ya kazi. Walimu wenzake walidhani anaficha kovu la moto. Ukweli ulikuwa mdogo na wa aibu zaidi. Mkono wake wa kushoto, kuanzia kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko, haukuwa na kinyweleo hata kimoja. Alikuwa akiunyoa kwa visu.

Si kwa urembo. Kila alipomaliza kunoa kisu ilimbidi ajue kama kimekubali, na hakuwa na shahidi aliyemwamini kuliko ngozi yake mwenyewe. Vinyweleo vikianguka bila kuvutwa, alitabasamu peke yake, akavipuliza, akatafuta mahali pengine. Mkono ulipoisha alianza kuutazama mguu.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini, na alifundisha hesabu katika sekondari ya mtaani. Visu vyake vilikaa kwenye droo za kabati la chumbani, vimelazwa juu ya kitambaa cha sufu kama watoto wachanga wodini: vya kumenyea, vya kuchunia, vya kukunja, na kimoja cha mpishi chenye ubavu mpana ambacho hakijawahi kuonja kitunguu. Akinunua kipya hakukiweka mwanzo wa mstari. Alikichomeka katikati ya wazee, na mumewe akiuliza, "Na hiki?" alijibu bila kupepesa, "Hicho? Si kipo tangu tuoane." Uongo huo aliusema mara nyingi mno. Kwa hesabu ya maneno yake mwenyewe, siku ya ndoa alikuwa ameingia katika nyumba hiyo na ghala la silaha.

Alikuwa na tabia nyingine. Alimenya machungwa ambayo hakuna aliyetaka kuyala, ili tu aone ganda likishuka kwa utepe mmoja mrefu. Alifungua barua zisizo zake ofisini, hakuzisoma, alitaka bahasha tu, mpaka mwalimu wa jiografia akawa akiingia asubuhi anasema, "Mwalimu, mimi leo sina barua, nikuletee gazeti ulichane?" Kwa muuza nyama aliagiza kipande, akaomba kikatwe vidogo, kisha vidogo zaidi, apate kukitazama kisu kikifanya kazi, na muuza nyama alipokipangusa kwenye aproni chafu, Mwalimu alifumba macho kama mtu aliyetukaniwa mama.

Lakini kisu cha moyo wake kilikuwa kimoja. Cha kukunja, mpini wa pembe, ubapa mwembamba unaoishia kwenye ncha kali kama sindano. Kilifuliwa na mhunzi mzee ambaye muda mfupi baadaye macho yalimwisha, akazima moto wake, asifue tena. Kisu hicho hakikukata kitu. Alikitoa akiwa peke yake, akakifungua, akakifunga, akasikiliza mlio wa kufunga, akakinusa mafuta yake, akakirudisha. Kama angekutwa akifanya hivyo angeona haya kuliko kukutwa bila nguo.

Aliyeishi karibu kiasi cha kuweza kumkuta ni wifi yake. Dada huyo wa mumewe alikuwa fundi cherehani. Ndoa ilipomshinda alikuja kukaa kwa muda, muda ukaota mizizi, na chumba cha mbele kikajaa majora, vipande vya chaki na mlio wa cherehani.

"Wifi yangu, wenzio wanakusanya vikombe," alizoea kusema. "Wewe unakusanya vya kutuchinjia?"

"Wewe nitakuchinja kwa kisu butu."

"Ulimi wako unanitosha!"

Walicheka. Ulikuwa utani wa mawifi, na haukuacha alama.

Kisha Mwalimu akaenda mji mwingine kusahihisha mitihani. Aliporudi hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja kwenye droo, akakichukua kisu cha pembe, akakifungua. Mkono wake ulijua kabla ya macho. Kilikuwa chepesi upande wa mbele. Akakifunga, na mlio haukuwa ule. Akakipeleka dirishani. Ncha, ambayo zamani ilifika hadi mwisho wa mpini, sasa ilijificha ndani kama ulimi wa mtu mwongo. Na kando ya makali palikuwa na ukanda wa rangi ya buluu.

Alielewa. Mtu alikivunja ncha, na ili kuficha, kikapelekwa kwa mnoaji wa barabarani, yule wa gurudumu la kukanyaga kwa mguu. Gurudumu likakifupisha, likakitengenezea ncha ya bandia, na moto wake ukakichoma. Chuma kikipata buluu ile hakishiki makali tena. Walikuwa wamemuua mtu wake, wakamrudisha kitandani na kumfunika shuka.

"Wifi," aliuliza mezani, "nani amegusa kisu changu cha pembe?"

"Mimi na visu vyako wapi na wapi?"

"Kimekuwa kifupi."

"Makubwa! Kisu kinafupika? Labda wewe umerefuka huko ulikokwenda."

Mume alicheka, kisha akaacha. "Mke wangu, umechoka na safari. Kisu ni kisu. Tule kwanza."

Akala. Kila tonge lilipita kooni likiwa na pembe.

Hakutaka kulipwa, kwani cha kulipia hakikuwepo. Mhunzi alikuwa kipofu. Alitaka kitu kimoja tu: wifi yake afungue kinywa chake mwenyewe aseme, nilikivunja mimi. Akampa nafasi. Alikaa naye barazani, akamsifia mishono, akanyamaza katika zile nafasi ambazo mtu mwenye neno hulisema. Neno halikuja. Wifi aliimba, akakanyaga cherehani yake, akaomba chumvi. Na Mwalimu kadiri alivyosubiri ndivyo alivyozidi kuwa mpole, upole ambao wanafunzi wake wangeutambua wakajificha chini ya madawati. Mtu anayenoa visu amejifunza kurudia jambo moja dogo, taratibu, upande mmoja kisha mwingine, mpaka likate.

Naye wifi alikuwa na kitu chake. Mkasi. Ulikuwa mkasi mzito wa kukatia kitambaa, mpini mweusi uliolika mahali pa kidole gumba, umefungwa utepe mwekundu ili kila mtu aujue. Kuukatia karatasi ilikuwa dhambi. Siku mume alipoutumia kukata ukurasa wa kalenda, dada yake hakumsemesha wiki nzima. "Karatasi inakula makali, kaka! Unaniua!" Mwalimu aliyakumbuka maneno hayo kwa furaha aliyoionea haya, kisha akaacha kuionea haya.

Alisubiri mpaka ilipoletwa hariri ya gauni la bibi harusi, nyeupe, inayoteleza kama maji. Wifi alipokwenda kutafuta vifungo, Mwalimu aliingia chumba cha mbele, akafungua utepe mwekundu, akaketi kwenye kiti cha fundi. Karatasi hakuitaka. Alikuwa amekuja na msasa, ule wa mafundi seremala, wenye chembe kubwa. Akaukata vipande vyembamba, virefu, bila haraka. Mlio wake ulimsisimua nywele za kisogo. Ilimuuma, maana mkasi haukuwa umemkosea lolote. Aliendelea kukata huku ukimuuma, na maumivu yenyewe yakawa na utamu. Alipomaliza alizoa takataka zake, akaufunga utepe kwa fundo lilelile.

Asubuhi yake wifi alitandika hariri juu ya meza, akaweka alama za chaki, akakata. Mkasi ulitafuna. Hariri ikakunjamana katikati ya meno, nyuzi zikachomoka. Yowe lake lilifika jikoni.

"Nani amegusa mkasi wangu?"

Mwalimu alisimama mlangoni na kikombe cha chai. Ilikuwa Jumamosi, mume alikuwa zamu kazini, katika ofisi ya maji alikokuwa karani. "Mkasi ni mkasi, wifi. Labda wewe umechoka."

Wifi aliuinua mkasi kwenye mwanga, akaona mapengo. Akamtazama mwenziwe. Akaelewa upesi, kwa sababu naye alikuwa mgonjwa wa ugonjwa huohuo.

"Umekatia nini?"

"Msasa."

"Msasa!" Alikaa chini kama aliyekatwa miguu. "Msasa, wewe mwanamke! Kwa ajili ya kijisu!"

"Kijisu kipi?"

Wifi aliinama, akaanza kuokota nyuzi za hariri.

"Kijisu kipi, wifi?"

"Nilikivunja! Haya, nilikivunja mimi! Umeridhika?"

Hakuwa ameridhika. Alishangaa kuona kwamba neno lile alilolingoja lilipita kama maji, likaacha kiu palepale.

"Kipande kilichoharibika nitakifanya mkono," wifi alisema, sasa analia kweli. "Lakini gauni linachukuliwa Jumatatu na mkasi mwingine sina. Ninolee. Wewe ndiye uliyeuharibu, na ni wewe unayeweza. Nakuomba."

Mwalimu alileta vinoo vyake na bakuli la maji. Akafungua skrubu ya mkasi, akautenganisha, akalaza ubapa wa kwanza juu ya jiwe.

"Anza mwanzo," alisema. "Ukinyamaza, nami mkono unanyamaza."

Wifi akasimulia. Skrubu ya cherehani ilikwama. Bisibisi haikuonekana. Aliingia chumbani kutafuta chochote chembamba. Jiwe lilisema shh, shh. Alipokizungusha kisu kililia tik, na ncha ikarukia sakafuni. Akaifagia na vumbi. Mkono wa Mwalimu ukasimama.

"Uliifagia."

"Niliogopa! Noa, wifi."

Shh, shh.

"Kisha ukakipeleka kwa mnoaji wa barabarani."

Wifi aliinama, akachezea kipande cha chaki. Mwalimu naye alikuwa akiutazama ubapa uliokuwa mkononi mwake, jinsi ulivyokuwa safi karibu na mzizi, bila alama hata moja ya gurudumu kwa miaka yote ile, na hapo akasimama bila kukusudia.

"Mkasi huu hujawahi kumpa mnoaji wa barabarani," alisema polepole. "Unajua gurudumu linafanya nini. Usingempelekea hata kisu cha adui yako."

"Wifi..."

"Nani alikipeleka?"

"Nilikuwa nalia. Kaka akanikuta. Akasema, usilie, kilete, hatajua. Akakitia mfukoni akaondoka nacho kazini."

Maji katika bakuli yalikuwa yamegeuka kijivu. Mwalimu aliumaliza ubapa wa kwanza, kisha wa pili, kwa uangalifu wote aliokuwa nao, kwa sababu hakujua kunoa vibaya. Aliufunga mkasi, akakunja mkono wake wa kushoto wa nguo mbele ya mtu kwa mara ya kwanza, akatafuta vinyweleo vilivyobaki karibu na kiwiko. Vikaanguka.

"Mungu wangu," alisema wifi, akisahau kulia. "Mkono wako! Kama kuku aliyenyonyolewa!"

"Kata hariri yako."

Mchana mume alirudi, akasikia mkasi ukipita katika hariri bila kukwama, akadhani nyumba ina amani. Alipofika chumba cha kulia alimkuta mkewe mezani. Kisu cha pembe kilikuwa mbele yake, wazi, ncha ya bandia ikimwelekea mumewe.

"Kwema?" aliuliza.

Mkewe aliyainua macho kutoka kwenye kisu. Akakitazama chumba. Aliitazama redio, ile ambayo hakuruhusiwa mtu mwingine kuigeuza kutoka stesheni yake. Aliviangalia viatu vya ngozi vilivyopangwa chini ya kabati, viking'aa kama vidonge. Macho yake yakatoka polepole mpaka kwenye korido, kwenye baiskeli ambayo mume hakuwahi kumwazima hata baba yake mzazi, yakatulia kwenye tandiko lake la ngozi.

Mume alifuata kila mtazamo. Kwenye redio alikohoa. Kwenye viatu alimeza mate. Sasa alipiga hatua za haraka, akasimama kati ya mkewe na baiskeli.

"Mke wangu," alisema, "nitakueleza yote. Ilikuwa hivi, dada alikuwa analia..."

"Sijakuuliza," alisema Mwalimu kwa sauti ileile ya chini, akainamisha kichwa pembeni apate kuona nyuma yake. "Sogea kidogo. Bado nachagua."