Gunia la Pampasi

Nilipompeleka mwanangu wa kiume Butiama, akaonwe na bibi yake, nilibeba begi moja la nguo na mabunda manne ya pampasi. Kwetu Musoma pampasi haina mjadala. Unaifunga kwenye mfuko, unaiweka nje, gari la taka linakuja siku likijisikia, linaondoka nayo. Inakoenda sikuwahi kuuliza.

Butiama kwa mama mkwe hakuna gari. Siku ya kwanza nilitumbukiza mbili chooni, akatoka mbio kama anafukuza ng'ombe shambani. "We mama! Shimo hili amechimba marehemu baba mkwe wako kwa mikono yake, ulijaze kwa mtoto mmoja?" Haya. Nikahamia shimo la taka nyuma ya zizi. Mbwa wa jirani akazifukua, akaja na moja mpaka uani, mbele ya mwinjilisti aliyekuja kutuombea. Mtumishi wa Mungu alifumba macho mapema, akaanza sala.

"Basi nizichome," nikasema.

Eh! Ungedhani nimesema nimchome mtoto. "Mavi ya mtoto hayachomwagi! Moto unamfuata mwenyewe matakoni. Unataka kumuunguza mume wangu?" Mume mwenyewe ndiye huyo mwanangu, maana bibi wa kwetu akipata mjukuu wa kiume keshaolewa upya. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia, mama, pampasi ni plastiki na pamba, haina simu ya kumpigia mtoto. Hakucheka. Alileta gunia la mbolea, akasema tutazikusanya humo, na siku ya kuondoka niondoke nazo.

Mimi huyu, nipande basi na gunia la mavi!

Siku ya tisa lile gunia lilikuwa na nzi wa kutosha kata nzima. Mama mkwe alipoenda sokoni nikatoa nusu yake, nikazimwagia mafuta ya taa na kuziwasha nyuma ya zizi. Moshi mweusi wa plastiki ulinikaba koo, nami nimesimama pale najisifu. Kisha nikajazia gunia mabua ya mahindi chini ya zile zilizobaki, asijue.

Baada ya siku mbili matako ya mtoto yakawa mekundu, yamevimba, analia kila nikimgusa. Sababu ninaijua, na hata siku ile niliijua: joto, na pampasi moja kukaa naye kutwa kwa sababu nilikuwa nazibania. Lakini uongo wa nini, niliogopa. Nilimpakata nikiomba kimoyomoyo, Bwana nisamehe, sichomi tena hata karatasi.

Mama mkwe akaingia, akamtazama, akakaa chini sakafuni.

"Mwanangu," akasema, "ni mimi."

"Wewe umefanyaje, mama?"

"Nzi walinishinda. Juzi ulipolala mchana nilichukua mbili, nikazisukumia motoni jikoni. Mbili tu. Nimemuunguza mtoto kwa mikono yangu."

Nikaukumbuka ugali wa juzi. Ningeweza hata kucheka, ila mama yule alikuwa analia, na sikuwahi kumwona akilia hata siku tunamzika mumewe. Alijifuta kwa kiganja, machozi yakaendelea.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mdomo ninao, na siku zote sijui kuufunga. Nikasema, "Pole, mama. Atapona tu."

Kesho yake asubuhi akafungua sanduku, akatoa doti ya kanga aliyokuwa akiitunzia Krismasi, akaichana vipande vya nepi. Pampasi zikakoma siku hiyohiyo, na matako yakapona ndani ya wiki. Mpaka naondoka nepi zote alifua yeye, kwa maji aliyobeba kichwani, na kila nilipoinuka kumpokea beseni alinirudisha kwenye kiti.

"Kaa, mwanangu," aliniambia. "Wewe hujakosa kitu."

Nikakaa.